Wayoruba hula nini, na watoto wao hula nini?

Tukimwuliza mtu wa kwetu kama amekwisha kula, naye tangu asubuhi ametafuna ndizi, viazi na maharage, mara nyingi atajibu ya kuwa bado. Hajauona ugali, basi, kwa hesabu yake, hajala. Tusidhani ya kuwa ni sisi peke yetu tunaosema hivyo. Mbali nasi, upande wa magharibi wa Afrika, liko taifa kubwa la Wayoruba, nao huvipanga vyakula vyao kwa daraja, kama wazee wanavyopangwa barazani kwa mfalme. Wana usemi wao wa zamani unaojulikana sana. Kwa Kiswahili twaweza kuusema hivi: iyan ndiyo chakula, oka ni dawa, eko huliwa kwa kukosa kingine, na bisi za mahindi ni za kukizuia kinywa kisikae bure.

Tumeona vema kuufuata usemi huo, kwa maana ndani yake twavijua vyakula vya Wayoruba kama wenyewe wanavyovihesabu. Kisha tutatazama vyakula viwili ambavyo usemi hauvitaji hata kidogo, navyo ndivyo vilivyotufanya tuandike habari hii.

Wayoruba wakaa kusini-magharibi ya Nijeria, na wengine wao wamo Benin na Togo. Tangu kale ni watu wa miji: Ile-Ife, Oyo, Ibadan, Abeokuta, Ijebu-Ode, na Lagos iliyo kando ya bahari. Desturi yao ilikuwa kuwa na nyumba mjini na shamba mbali na mji. Kwa sababu hiyo wanawake wao wamekuwa mabingwa wa kuuza chakula kilichokwisha kupikwa, kwani mwenye kutoka alfajiri kwenda shamba hana wakati wa kungoja chungu kichemke nyumbani.

Iyan, chakula cha heshima

Iyan hufanywa kwa kiazi kikuu. Tusikifananishe na kiazi kitamu wala na kiazi cha Kizungu. Ni mzizi mkubwa sana, pengine mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mmea wake hupanda mti kama kamba. Kiazi kikuu cheupe ni mmea wa Afrika ya magharibi yenyewe. Hakikuletwa na merikebu yoyote. Hata leo Nijeria yapita nchi zote za dunia kwa wingi wa viazi hivyo. Mkulima huvipanda katika vichuguu vya udongo alivyovilundika kwa jembe, na avunapo huvifunga safu safu juu ya miti iliyosimamishwa ghalani, vipate hewa visioze. Katika miji mingi viazi vipya havikuliwa mpaka ifanyike sikukuu yake, na mtu asiye na subira alijipatia aibu.

Kupika iyan si kazi ya mvivu. Kiazi humenywa, hukatwa vipande, huchemshwa kwa maji mpaka kilainike; kisha hutiwa kinuni kingali moto na kutwangwa kwa nguvu. Hakitiwi unga. Hutwangwa mpaka kiwe kitu kimoja chororo, cheupe, chenye kuvutika, kisicho na hata donge moja. Donge likionekana katika sahani ya mgeni, mpishi ameaibika. Mara nyingi hutwanga watu wawili au watatu pamoja, michi ikipishana, na jirani akisikia mlio wa kinu hujua ya kuwa nyumba ile ina mgeni, au ina furaha. Siku hizi mjini ziko mashine za kutwangia, na uko unga wa viazi uliotengenezwa viwandani ambao hukorogwa kwa maji ya moto tu. Wazee huula, lakini hawausifu.

Oka, ambayo wengi sasa huiita amala, ni ndugu wa ugali wetu. Viazi vikuu hukatwa vipande, hupashwa katika maji ya moto, huachwa humo usiku kucha, kisha huanikwa juani siku kadha wa kadha mpaka viwe vikavu kama kuni. Hapo hutwangwa vikawa unga. Unga huo hausemi kweli juu ya rangi yake: gunia ukilifungua waona rangi ya vumbi hafifu, lakini ukisongwa kwa mwiko katika maji yanayochemka hugeuka rangi ya udongo mweusi. Mgeni huogopa akiuona. Akiisha kuuonja hushangaa kuwa ni laini na hauchoshi tumbo. Labda ndiyo maana waliuita dawa. Watu wa Ibadan na Oyo hula amala pamoja na mchuzi wa kunde uitwao gbegiri, na mlenda uitwao ewedu uliopondwa chunguni kwa kifagio kidogo cha njiti. Michuzi miwili hiyo ikikutana katika sahani moja, mmoja wa manjano na mmoja wa kijani, huitwa abula.

Eko ni chakula cha mahindi. Mahindi hulowekwa siku mbili au tatu, husagwa yangali na maji, huchujwa kwa kitambaa, na ule wanga mweupe hutuama chini ukachachuka. Huo ndio ogi. Ukipikwa mwepesi ni uji. Ukipikwa mzito, ukafungwa katika majani mapana na kuachwa upoe, ndio eko. Usemi wasema huliwa kwa kukosa kingine, nasi twaona usemi huo una kiburi kidogo, kwa sababu asubuhi ni Wayoruba wengi mno wanaokunywa uji huo. Lakini tuushike moyoni ule uji, maana tutaurudia.

Mihogo isiyotajwa

Sasa tazameni: katika usemi ule mihogo haimo. Walakini leo mihogo ndiyo inayoshibisha matumbo mengi kuliko iyan. Sababu yake ni kuwa mihogo ilifika baadaye. Ilitoka Amerika ya kusini, ikaletwa na Wareno pwani zetu za Kongo na pwani za Guinea tangu karne ya 16. Lakini Wayoruba hawakuipenda upesi. Waliofundisha sana namna ya kuifanya gari ni watu waliorudi kwao katika karne ya 19: watumwa waliopata uhuru huko Brazili, na wengine waliotoka Sierra Leone. Hivyo mmea ulikuja kwanza, na akili ya kuutumia ikafuata nyuma.

Gari si motokari! Ni chembechembe kavu za mihogo. Wanawake humenya mihogo, huiosha, huikwaruza kwenye bati lililotobolewa kwa misumari, au siku hizi kwa mashine. Kisha hujaza magunia, huyagandamiza kwa mawe mazito siku mbili, tatu au zaidi, na maji hutiririka. Baadaye huchekecha, hukaanga katika sufuria pana bila mafuta huku wakigeuza bila kupumzika, moshi machoni. Gari likitiwa maji ya moto na kugeuzwa huwa eba, ugali unaoliwa kwa mchuzi wowote. Gari la Ijebu, lililochachuka sana, mwanafunzi hulitia maji baridi, sukari na karanga, akala bila moto wala mpishi.

Kwa nini taabu hiyo yote? Kwa sababu mihogo, hasa ile michungu, ina sumu iitwayo sianidi. Kukwaruza huivunja mihogo, sumu hupata njia. Kugandamiza huitoa pamoja na maji. Kukaanga hufukuza iliyobaki. Mwenye kufupisha siku za kazi huipunguza kazi, lakini haipunguzi sumu.

Jambo hilo sisi wa Kongo twalijua kwa uchungu. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika habari za ugonjwa wa huko Kwango ambao watu waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu imekakamaa, wala haiponi tena. Baadaye ilionekana katika nchi ya Bandundu ya kuwa, njia ya kupeleka mihogo Kinshasa ilipokuwa nzuri na biashara ilipokua, wengine waliiloweka siku moja badala ya tatu ili ifike sokoni upesi. Sumu ilibaki, na waliokula mihogo hiyo bila kitoweo cha kutosha walilemaa. Huko kwa Wayoruba pia, karibu na Epe, mganga Osuntokun wa Ibadan alichunguza katika miaka ya 1960 watu waliokuwa na ganzi miguuni na macho yaliyofifia, akaona ya kuwa walikula mihogo kila siku na vingine kidogo. Wataalamu waliomfuata wamebishana juu ya sababu ya ugonjwa huo wa Epe. Juu ya konzo hawabishani: ni sumu ya mihogo pamoja na upungufu wa vyakula vya kujenga mwili. Mwili una nguvu ya kuiua sumu kidogo kidogo, ila nguvu hiyo huipata katika nyama, samaki, mayai, na pia katika jamii ya maharage.

Tuseme neno la shukrani kabla ya kuendelea. Katika miaka ya 1970 mdudu mweupe mdogo aliingia Kongo akakausha mihogo yetu mashamba kwa mashamba. Chuo cha kimataifa cha uchunguzi wa kilimo, kilichoanzishwa Ibadan mwaka 1967, ndicho kilichomfuga adui wake: nyigu mdogo sana aliyetafutwa mpaka Paraguay, akaachiliwa mara ya kwanza katika Nijeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingine, na Kongo ikiwamo. Anayekula sombe na ugali leo ana deni dogo katika mji wa Wayoruba.

Kunde, nazo hazikutajwa

Kitu cha pili ambacho usemi umekiacha ni kunde. Twastaajabu, kwa sababu hakuna watu tunaowajua wanaozigeuza kunde kwa ustadi kama mama wa Kiyoruba. Huzipika kama sisi tunavyopika maharage, ndiyo. Lakini zaidi ya hapo huziloweka, huzifikicha maganda yakaelea na kumwagwa, kisha huzisaga na pilipili na vitunguu. Rojo hilo likipigwapigwa mpaka liingiwe na hewa, na kuchotwa kwa kijiko na kutiwa katika mafuta ya moto, huwa akara, vitumbua vyekundu nje na vyeupe ndani. Alfajiri katika mitaa ya Lagos na Ibadan mwuza akara ndiye wa kwanza kuwasha moto. Watu hula akara pamoja na uji wa ogi, au huzitia ndani ya mkate. Akifa mzee aliyeshiba miaka, jamaa zake hukaanga akara na kuwagawia majirani.

Akara zilivuka hata bahari. Wayoruba waliochukuliwa utumwani walizifikisha Brazili, na katika mji wa Salvador wanawake waliovaa nguo nyeupe bado huzikaanga barabarani kwa mafuta ya mawese, wakiziita acarajé. Na waliorudi Lagos walileta chakula kingine cha kunde: frejon, kunde zilizopondwa na kupikwa kwa tui la nazi mpaka ziwe kama uji mzito. Jamaa za Wakatoliki wenye asili ya Brazili huila Ijumaa Kuu, siku isiyo na nyama, pamoja na samaki. Jina lake latokana na neno la Kireno la maharage.

Rojo lilelile la kunde likitiwa mafuta na kufungwa katika majani, likaiva kwa mvuke, huwa moin-moin. Ndani yake mpishi huweza kuficha kipande cha samaki, yai la kuchemsha, kamba wadogo waliokaushwa. Moin-moin iliyojaa vitu hivyo huitwa ile yenye roho saba. Masikini naye hupika ekuru, nyeupe, bila kiungo ndani, akaila kwa mchuzi wa pilipili.

Sasa twaweza kuurudia ule uji. Kwa vizazi vingi mtoto wa Kiyoruba, akianza kuachishwa ziwa, alipewa ogi. Ni laini, ni mweupe, mtoto huupenda. Lakini kumbukeni ya kuwa ulichujwa kwa kitambaa. Makapi na kiini cha mahindi vilibaki juu ya kitambaa wakapewa wanyama, na pamoja navyo sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili. Kilichoingia kikombeni kilikuwa zaidi wanga na maji.

Mwaka 1956 mganga mmoja Mwingereza, David Morley, alikwenda kufanya kazi Ilesha, akaanza kuwafuata watoto wa kijiji cha Imesi-Ile mwezi kwa mwezi, akiwapima uzito na kuuandika katika karatasi yenye mistari. Miezi ya kwanza, mtoto akiwa ziwani, alama zilipanda vema. Baadaye zililala kama mtu aliyechoka njiani. Akina mama wa Kongo wanaijua karatasi hiyo, maana jamaa yake ndiyo ile wanayopewa watoto wao wanapopelekwa kupimwa kwenye zahanati. Ilizaliwa katika kijiji cha Wayoruba. Nasi wa Kivu tunajua pia kinachofuata alama zikilala: nywele kugeuka rangi, miguu kuvimba, mtoto kununa asitake hata kucheza. Twakiita bwaki, na waganga wa Lwiro waliandika mengi juu yake.

Lililosikitisha ni hili: kunde zilikuwamo nyumbani. Samaki alikuwamo, na kuku aliyetaga alikuwamo uani. Lakini wazee walifundisha ya kuwa mtoto akizoeshwa yai na nyama atakuwa mwizi, kwa sababu atataka siku zote kile ambacho baba yake hawezi kukinunua. Katika sahani ya pamoja nyama ilifuata umri: baba kwanza, kisha wakubwa, na mdogo akapata mchuzi. Hatuwacheki. Pande za Kivu na Rwanda wanawake wengi walikatazwa nyama ya mbuzi, na walioikataza hawakukosa sababu zao nzuri za kueleza. Mila ilitaka kumlea mtoto awe na adabu na kiasi. Adabu ni njema, ila haiponyeshi bwaki.

Wayoruba wenyewe wana desturi nyingine inayoishinda hiyo. Hakuna taifa duniani linalozaa mapacha wengi kuliko wao. Mji wa Igbo-Ora una sifa hiyo hasa. Wenyeji husema sababu ni viazi vikuu, au majani ya bamia, wataalamu hawajathibitisha. Basi, mama wa mapacha hupika chungu kikubwa cha kunde kwa mafuta ya mawese, akawaita watoto wote wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, waje wale washibe kwa heshima ya watoto wake. Siku hiyo hakuna anayehesabu umri.

Tena akara na ogi, ambazo watu wazima huzila pamoja kila asubuhi, zinasaidiana: kile ambacho mahindi hayana, kunde zinacho, na kinachopungua katika kunde chapatikana katika mahindi. Wafanyakazi wa chuo cha viwanda cha Oshodi, huko Lagos, walitengeneza ogi iliyochanganywa na unga wa soya kwa ajili ya watoto. Ni kazi njema. Lakini mama asiye na soya aweza kuzisaga kunde zake zilizofikichwa akazichanganya katika uji, na kuupika vizuri.

Twapaswa kutaja kiungo kimoja kabla hatujamaliza, ingawa harufu yake hutangulia jina. Iru ni mbegu za mti wa porini. Huchemshwa saa nyingi, hukanyagwa zitoke maganda, huoshwa, huchemshwa tena, kisha hufunikwa siku mbili tatu mpaka zichachuke na kunata. Mgeni huziba pua. Mchuzi wa mboga, efo riro, au wa mbegu za matango, egusi, ukikosa iru, mzee wa Kiyoruba husema hauna kichwa. Mbegu hizo zina chakula cha kujenga mwili kwa wingi. Siku hizi vibonge vya viwandani vimeingia jikoni mahali pake, vyenye chumvi zaidi ya kitu kingine. Ni rahisi, havinuki, na watoto wa mjini wamezoea ladha yake. Sisi twaona mchuzi umepata harufu nzuri ukapoteza nyama yake.

Kwa akina mama wanaotaka kujaribu, moin-moin haihitaji kitu tusichokuwa nacho. Tumeipika kwa majani ya ndizi yaliyopashwa motoni yasipasuke. Chukua vikombe viwili vya kunde, ziloweke mpaka maganda yalegee, zifikiche, mwaga maganda. Zisage pamoja na kitunguu na pilipili kidogo. Kama mtoto mdogo atakula, acha pilipili. Tia chumvi, mafuta ya mawese kijiko kikubwa kimoja au viwili, na maji ya vuguvugu mpaka rojo liwe kama la uji mzito, ukilipiga vizuri. Tia vipande vya samaki asiye na miiba na yai lililochemshwa. Kunja majani kama vikombe, jaza nusu, funga. Panga vijiti au mabua chini ya chungu, tia maji machache, panga vifurushi juu yake, funika, na uangalie maji yasikauke. Baada ya saa moja hivi fungua kimoja: kikishikana mpaka katikati bila majimaji, vimeiva. Kipande chenye yai apewe mtoto.